Kisa cha Clark: mlima, mkataba na watu waliobaki nje ya ua

Kamati yetu ya maafa hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika ukumbi mdogo ulio chini ya Menengai, mlima wa volkano wa hapa kwetu Nakuru, Kenya, upande wa Kiamunyi. Mara nyingi ajenda ni zile zile: mitaro iliyoziba, nyufa zinazofunguka ardhini mvua ikizidi, moto wa nyumba za mbao. Mwezi uliopita mwenyekiti aliniomba, kwa kuwa nimefundisha jiografia na historia miaka mingi, nilete kisa kimoja cha kweli tukipekue toka mzizi hadi jani. Nikawaletea Clark, kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Ufilipino, iliyofungwa mwaka 1991.

"Mwalimu," alisema jirani mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, "kambi ya ndege za kivita huko Asia inaingiaje Nakuru?"

Nilimjibu kwamba Clark ilikaa chini ya mlima wa moto ambao watu wengi waliuona kilima tu. Tena ilikaa juu ya karatasi, yaani mkataba kati ya nchi kubwa na nchi ndogo, na karatasi hiyo ndiyo iliyoamua nani angebeba gharama siku ya kuondoka. Mlima tunao, na mikataba na majeshi ya wageni tunayo. Basi tukaanza.

Clark iko Luzon, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ufilipino, kilomita 80 hivi kaskazini-magharibi mwa Manila, ubavuni mwa mji wa Angeles. Magharibi yake, kama kilomita 25, kilisimama kilele cha Pinatubo chenye mita 1,745. Msitu ulikuwa umeufunika mlima huo, na Waaeta, wenyeji wa kale wa milima ile, walilima na kuwinda katika miteremko yake. Ulikuwa umelala karibu miaka 500. Niliwaomba wanakamati watoke nje watazame juu. Kutoka katikati ya mji wetu hadi ukingo wa kreta ya Menengai ni karibu zaidi kuliko Clark na Pinatubo. Wazee wa Kikuyu huuita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na mvuke wake siku hizi unazungusha mitambo ya umeme. Sisemi Menengai utalipuka kesho. Nasema tu kwamba hata kule, mwezi Februari 1991, hakuna aliyeamka akiutazama mlima kwa hofu.

Historia ya mwanzo ya kambi nitaipitia mbio. Mwaka 1903 Wamarekani walijenga ngome hapo ya askari wapanda farasi, wakaiita Fort Stotsenburg. Ndege zilikuja baadaye, na uwanja ukapewa jina la Harold Clark, rubani aliyekufa ajalini Panama mwaka 1919. Tarehe 8 Desemba 1941, saa chache baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, ndege za Japani zilifika Clark mchana kweupe zikakuta ndege za Marekani zimeegeshwa chini, zikaziteketeza. Wajapani wakaitawala kambi hadi Januari 1945. Katika viwanja vya Mabalacat, jirani kabisa na Clark, ndiko kilikoundwa kikosi cha kwanza cha marubani wao wa kujitoa mhanga, Oktoba 1944. Wakati wa vita vya Vietnam, Clark ikawa ghala, karakana na hospitali kubwa ya nyuma ya vita. Mateka wa Kimarekani walioachiliwa na Hanoi mwaka 1973 walikanyaga ardhi ya kwanza ya uhuru hapo. Na usiku wa tarehe 25 Februari 1986, Rais Ferdinand Marcos alipozidiwa na umma uliojaa barabarani, helikopta za Marekani zilimtoa ikulu zikampeleka Clark, na kutoka Clark akasafirishwa hadi Guam, kisha Hawaii.

Nataka tusimame kidogo hapo. Rais wa nchi anaiacha nchi yake kupitia lango ambalo nchi yake hailitawali. Desemba 1989, askari walipojaribu kumpindua Rais Corazon Aquino, ndege za kivita kutoka Clark ziliruka juu ya Manila kuwaonya waasi, na serikali ikanusurika. Sisi tuliokuwa na akili tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi hapa Kenya, tukikaa kando ya redio bila kujua nani ameshika nchi, tunaelewa Mfilipino alijisikiaje siku ile. Tofauti ni kwamba yeye alipoinua macho aliona ndege zilizomwokoa rais wake zina nembo ya nchi nyingine. Wengi walishukuru. Wengi pia waliumia moyoni, na maumivu hayo yalihesabiwa baadaye kwa kura.

Sasa karatasi yenyewe. Ufilipino ilipata uhuru tarehe 4 Julai 1946, na haikumaliza hata mwaka kabla ya kutia saini mkataba wa kambi za kijeshi, tarehe 14 Machi 1947. Muda: miaka 99. Kodi ya ardhi: hakuna. Nchi ilikuwa imetoka vitani, Manila ni kifusi, na ilihitaji fedha za kujijenga upya. Mwaka 1966 muda ule ulipunguzwa hadi miaka 25, ndiyo maana tarehe ya mwisho ikaangukia 16 Septemba 1991. Kisha katiba mpya ya 1987, iliyoandikwa baada ya Marcos kuondoka, ikasema kwamba mkataba huo ukiisha hakutakuwa tena na kambi za kigeni, isipokuwa kwa mkataba mpya ulioidhinishwa na Seneti.

Kuna kifungu kimoja katika mkataba wa 1947 ambacho nilikiandika chote ubaoni kwa Kiswahili changu. Kinasema Marekani haitalazimika kurudisha kambi katika hali iliyokuwa nayo wakati ilipoichukua, na Ufilipino nayo haitalazimika kulipa fidia kwa chochote kilichoongezwa kwa ujenzi. Ukikisoma haraka kinaonekana cha haki: wewe hunidai usafi, mimi sikudai bei ya majengo. Mwenye duka alisema hata yeye angetia saini, kwa sababu majengo hayo yana thamani. Nikamwambia akumbuke ni mwaka 1947. Waliokuwa mezani walifikiria nyumba, barabara na njia ya kurukia ndege. Miaka zaidi ya 40 ya mafuta ya ndege, dawa za kuua wadudu na vimiminiko vya kusafishia injini vikishuka taratibu hadi kwenye maji ya visima haikuwa akilini mwa mtu. Tuliacha sentensi hiyo ubaoni bila kuifuta hadi mwisho wa kikao.

Mlima ulianza kusema mwaka huohuo wa mwisho wa karatasi. Julai 1990 tetemeko kubwa la 7.7 lilikuwa limeitikisa Luzon. Katikati ya Machi 1991 wanakijiji wa ubavuni mwa Pinatubo wakaanza kuhisi mitetemeko midogo, na tarehe 2 Aprili mvuke ukapasuka na kutoboa mashimo mlimani. Mtawa mmoja aliyeishi na Waaeta alikwenda na wenzake hadi kwenye taasisi ya volkano na mitetemeko ya Ufilipino, PHIVOLCS, kueleza waliyoyaona. Hilo naliweka wazi: habari ya kwanza ilitoka kwa watu wa mlimani, si kwa mashine. Wanasayansi wa PHIVOLCS chini ya Raymundo Punongbayan wakaweka vipima mitetemeko, na mwishoni mwa Aprili wakaungana na wenzao wa USGS, shirika la jiolojia la Marekani. Walifanya kituo chao ndani ya Clark.

Walichimba mabaki ya milipuko ya kale wakaona kwamba mlima huu haulipuki mara nyingi, ila ukilipuka hulipuka vibaya sana. Wakapima gesi ya salfa dioksidi inayotoka kileleni: tarehe 13 Mei ilikuwa tani 500 kwa siku, na tarehe 28 Mei imepita tani 5,000. Kisha mwanzoni mwa Juni ikashuka ghafla. Mtu asiyejua angesema mlima umepoa. Wao waliogopa zaidi, kwa sababu walidhani njia ya gesi imeziba, kama sufuria la presha ambalo kifuniko chake kimekwama. Mama mmoja anayeuza githeri hapa karibu na ukumbi aliitikia kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi.

Shida yao kubwa ilikuwa kuaminiwa. Kambi nzima yenye nyumba, shule, hospitali na familia haihamishwi kwa sababu sindano ya mashine imecheza. Walitumia mkanda wa video uliotengenezwa na Maurice Krafft, Mfaransa aliyetumia maisha yake kupiga picha za volkano, unaoonyesha wingu la gesi moto na majivu likishuka mlimani kwa kasi ya gari na kuchoma kila kitu, na matope ya volkano yakifunika miji. Waliuonyesha kwa makamanda wa Clark, kwa viongozi wa wilaya, makanisani na vijijini. Krafft na mkewe Katia waliuawa na Mlima Unzen huko Japani tarehe 3 Juni 1991. Siku 12 baadaye mkanda wao ulikuwa umeokoa watu ambao hawakuwahi kukutana nao.

Tahadhari zilipangwa kwa ngazi 5, za namba, ambazo hata mtoto angeelewa. Tarehe 5 Juni ngazi ya 3. Tarehe 7 ngazi ya 4. Tarehe 9 ngazi ya 5. Alfajiri ya tarehe 10 amri ikatoka, na watu wapatao 14,500 wakaingia magari, msafara ukaelekea kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Subic. Walibaki kama 1,500 wa ulinzi na kazi za lazima. Ndege nyingi za kivita zilikuwa zimekwisha kuondoka. Nje ya ua, serikali ya Ufilipino ilipanua duara la kuhama kutoka kilomita 10 hadi 20, halafu 30, na siku ya mlipuko mkuu likafika 40. USGS walikadiria baadaye kwamba maonyo hayo yaliokoa maisha ya watu wasiopungua 5,000. Katika historia yote ya volkano ni machache yaliyofanywa vizuri hivyo, na kila mara nikifikia hapa nasema jina la PHIVOLCS kwa sauti, kwa sababu hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni Wamarekani peke yao walioona.

Tarehe 12 Juni, Siku ya Uhuru wa Ufilipino, mlima ulirusha nguzo ya majivu kilomita 19 juu. Tarehe 15 Juni mchana ukafunguka wenyewe. Majivu yalipanda zaidi ya kilomita 30. Kilele kikaporomoka, na mlima uliobaki una mita 1,486 na shimo la upana wa kilomita 2.5. Vipima mitetemeko vilikufa kimoja kimoja hadi kikabaki kile cha ndani ya Clark, na wanasayansi nao wakakimbia. Salfa iliyopanda angani ilipoza dunia nzima kwa karibu nusu digrii mwaka uliofuata.

Lakini waliouawa siku ile, wengi wao hawakuuawa na moto. Kimbunga kilichoitwa Yunya kilipita juu ya Luzon siku hiyohiyo, mvua ikachanganyika na majivu hewani, ikanyesha kama sementi. Watu wapatao 300 walikufa chini ya mapaa.

Hili sikutaka walisikie tu. Shosho mmoja wa kamati yetu alikuwa ameleta debe la mchanga wa majivu kutoka shambani kwake, ule mwepesi wa kijivu unaopeperuka kama unga wakati wa kiangazi. Tuliuweka juu ya mizani ya viazi. Kisha tukamimina maji kikombe kwa kikombe. Mchanga uliyanywa yote. Kimo chake debeni hakikupanda hata kidogo, ila mshale wa mizani ulizidi kusogea, kila kikombe na hatua yake, na ukumbi ukanyamaza. Nikaandika hesabu: majivu yaliyolowa yanaweza kufikia tani moja na nusu kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo sentimita 10 tu juu ya bati ni kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha mita 4 kwa 5 kimebeba tani 3.

"Kenchi zetu za mbili kwa tatu hazibebi hiyo," alisema fundi wa paa aliyekaa nyuma. "Tena paa nyingi hapa tumezilaza kupunguza gharama. Halitateleza, litakaa palepale."

Tulibaki na suala la paa kwa nusu saa nzima, na sikuwa na haraka ya kuendelea.

Baada ya chai tukaingia kwenye swali ambalo kila mwandishi wa kisa hiki hulijibu kivyake: nani aliifunga Clark? Wamarekani wengi husema mlima. Tarehe 17 Julai 1991, mwezi mmoja tu baada ya mlipuko, walitangaza kwamba wanaiacha Clark, na kwamba wangependa kubaki Subic miaka 10 kwa dola milioni 203 kwa mwaka. Wafilipino wazalendo husema Seneti. Tarehe 16 Septemba 1991, siku ileile mkataba wa zamani ulipoisha, maseneta 12 walikataa mkataba mpya na 11 wakaukubali, huku thuluthi mbili zikihitajika ili upite. Rais Aquino mwenyewe alikuwa ameupigia debe, hata akaongoza maandamano. Akashindwa. Spika wa Seneti, Jovito Salonga, na wenzake 11 waliitwa mashujaa na wengine wakaitwa vipofu wa uchumi, kwa sababu kambi zile mbili ziliajiri makumi ya maelfu ya watu.

Mimi nashikilia kwamba Clark ilifungwa na tarehe. Mazungumzo yalianza 1990, kabla mlima haujapumua. Vita baridi vilikuwa vinaisha. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, na sababu ya kulipia kambi kubwa hivyo ilikuwa inayeyuka. Kama kusingekuwa na 16 Septemba 1991 iliyoandikwa mahali, majivu yangefagiliwa, kama yalivyofagiliwa Subic, ambako pia yalianguka kwa wingi. Mlima ulichofanya ni kupunguza bei. Kambi iliyokuwa na thamani mezani ikageuka mzigo kwa wiki moja, na mwenye mzigo akapata ruhusa ya kuutua hapohapo alipo. Tarehe 26 Novemba 1991 bendera ya Marekani ilishushwa Clark kwa mara ya mwisho. Subic ilifuata mwaka mmoja baadaye, Novemba 1992.

Mwenyekiti hakukubaliana nami. Alisema tarehe zinaweza kusogezwa, na watu hao wamekuwa wakizisogeza tangu 1947. Kilichozuia safari hii ni watu 12 waliosimama wakahesabiwa. Ana hoja. Nimeifikiria wiki nzima na bado naona kwamba maseneta wale wangekosa pa kusimama kama karatasi ya 1966 na katiba ya 1987 zisingewawekea ubao chini ya miguu. Msomaji aamue.

Ninachokitilia uzito zaidi ni kilichofuata, na hapo ndipo wengi huufunga mjadala wa Clark mapema mno.

Wamarekani walipokwenda, kambi iliporwa. Milango, vyoo, nyaya, mabati, vyote vilivyoweza kubebwa vilibebwa. Na wakati huohuo maelfu ya familia hazikuwa na pa kulala, kwa sababu vijiji vyao viko chini ya majivu. Watu wa Nakuru hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tuliuona uwanja wa maonyesho hapa mjini ukijaa mahema ya majirani waliofukuzwa makwao, na tukaona jinsi neno "kwa muda" linavyoweza kukaa miaka. Kule Ufilipino wengi walifia katika kambi za wahamishwa kuliko walioguswa na mlima wenyewe. Jumla ya vifo ilipita 800, na sehemu kubwa ilitokana na magonjwa, surua hasa, iliyowamaliza watoto wa Waaeta ambao hawakuwa wamechanjwa. Waliokuwa karibu zaidi na mlima, na ambao walionya kwanza, ndio waliozika wengi.

Baadhi ya familia zilipewa makao ndani ya Clark yenyewe, katika eneo lililokuwa la karakana ya magari ya jeshi. Walichota maji ya visima vilivyokuwa palepale. Maji yalikuwa na harufu, na mengine yalielea utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua. Ukitaka kuujua utando huo, nenda kwenye gereji yoyote ya Nakuru mvua ikinyesha utazame dimbwi lililo chini ya lori. Fikiria dimbwi hilo ndilo mtungi wako wa jikoni. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 ulikuta visima vya Clark vina mabaki ya mafuta, vimiminiko vya kusafishia na dawa za kuua wadudu. Wazazi walianza kueleza kuhusu mimba zilizoharibika, na watoto waliozaliwa dhaifu au na moyo wenye kasoro. Kuthibitisha kwamba ugonjwa wa mtoto fulani ulitoka kisima fulani ni kazi ngumu kwa sayansi, na sitaki kusema zaidi ya kinachoweza kuthibitishwa. Ila hakuna aliyewapa watu hao nafasi ya kuchagua maji mengine.

Walipotafuta wa kumdai, walirudishwa kwenye karatasi ya 1947, kwenye kile kifungu kilichokuwa bado ubaoni kwetu. Marekani ilisema haina wajibu wa kusafisha. Wanaharakati na wakazi wakaenda mahakama za Marekani kuomba angalau uchunguzi rasmi wa uchafu ufanywe chini ya sheria ya huko ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliamua kwamba sheria hiyo haivuki mipaka ya nchi. Mama wa githeri aliuliza kama hapakuwa na mtu upande wa Ufilipino aliyelipigia kelele jambo hili wakati wa kukabidhiana. Nikamwambia kila mtu alikuwa anatazama bendera inashuka, na wengine wanatazama majivu.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kwetu. Majeshi ya Uingereza yaliondoka Kenya mwezi Desemba 1964, na uwanja wa jeshi lao la anga pale Eastleigh ukawa wa Kenya. Lakini askari wao bado hufanya mazoezi Laikipia kwa mkataba, na moto uliowaka Lolldaiga Machi 2021 wakati wa mazoezi hayo uliwapeleka majirani mahakamani kudai haki yao. Ninapopata mkataba wa namna hiyo mkononi siku hizi, naanza kusoma mwisho: siku ya kuondoka inasema nini kuhusu ardhi, maji na mtu anayeishi upande wa pili wa waya? Kama hapasemi kitu, najua nani atalipa.

Clark ya leo haikubaki maganjo, na haki itendeke kusema hivyo. Sheria ya mwaka 1992 iliunda mamlaka ya kugeuza kambi zile kuwa mali ya uchumi, na mwaka 1993 Clark ikatangazwa eneo maalum la biashara. Njia za kurukia ndege zinatumiwa na abiria wa kimataifa, viwanda vimejaa, na ajira zimerudi kwa namna nyingine. Askari wa Marekani nao wamerudi Ufilipino kwa zamu, chini ya makubaliano mapya ya 2014, bila kambi ya kudumu yenye jina lao. Wale maseneta 11 walioogopa njaa hawakuwa wajinga, ila njaa waliyoiona haikudumu.

Kilichodumu ni matope. Majivu yaliyolala miteremkoni yalishuka kila msimu wa mvua kwa miaka mingi, maji na mchanga mzito vikiteremka mabondeni kama saruji inayotembea. Wataalamu huyaita lahari. Oktoba 1995 lahari ilifunika sehemu kubwa ya mji wa Bacolor, kusini mwa Angeles, mlipuko ukiwa umepita miaka minne. Kanisa la San Guillermo lilizama hadi nusu ya kimo chake, na watu walipolichimbua ndani, madirisha yakawa milango. Nilipofika hapo hakuna aliyehitaji maelezo. Solai si mbali. Usiku wa Mei 2018 bwawa lilipopasuka pale, maji na matope vilichukua zaidi ya watu 40, na wawili kati ya wanakamati wetu walikwenda kusaidia kutafuta miili.

Shosho wa debe ndiye aliyeuliza swali la mwisho. "Hao wa ndani ya ua walikuwa na amri na magari. Hao Waaeta waliambiwa na nani, Mwalimu? Na sisi hapa tutaambiwa na nani?"

Tukahesabu tulichonacho: kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti, simu za vijana wa bodaboda, na baraza la chifu ambalo hukutana mchana. Tukaamua kujaribu kengele papo hapo, saa sita kasoro, fundi wa paa akaivuta kwa dakika tatu huku watu wakiwa wametawanyika kwenye njia zote wakiwa na simu. Ilisikika sokoni, ikasikika shuleni, ikasikika hadi stendi ya bodaboda. Ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba kama 40 za wapangaji zilizo karibu zaidi na mlima kuliko zote, kijana tuliyemtuma alipiga simu kuuliza kama tumeshaanza.